Punda Milia Aliyejikaza

Kila asubuhi, cherehani ya mama ilipoanza kunguruma sebuleni, Kiherehere aliwekewa mto mgongoni, akapewa chai na simu ya mama yenye kioo kilichopasuka. Jina hilo alibandikwa na bibi yake, kwa sababu hakuwahi kutulia mahali pamoja. Sasa alitulia, atake asitake. Alikuwa ameruka ngazi kwa fujo zake mwenyewe, mguu wa kulia ukavunjika chini ya goti, na daktari akaufunga plasta ngumu nyeupe. Wenzake walipita dirishani wakienda shule, yeye akabaki kutazama dari.

Kilichompunguzia upweke ni bustani ya wanyama. Ilikuwa mbali sana, lakini mazizini mlifungwa kamera, na mtu yeyote aliweza kutazama moja kwa moja kwenye simu. Kiherehere aliwaona viboko wakipiga miayo na twiga wakigombea majani. Kipenzi chake hasa alikuwa punda milia jike mwenye sikio lililochanika. Alimwita Shangazi, kwa vile aliwasukuma wenzake kwenye maji kama shangazi yake wa kweli anavyowasukuma watu jikoni.

Joto lilipozidi, ngozi chini ya plasta ilimwasha mpaka akataka kulia. Daktari alikuwa amemkanya asiingize kitu chochote humo ndani, lakini sikio la kufa halisikii dawa. Mama alipotoka kumpelekea mteja nguo, Kiherehere alichomoa njiti kwenye ufagio uliokuwa karibu na kitanda, akaipenyeza ndani ya plasta na kujikuna kwa raha. Alipoivuta, nusu yake ilibaki ndani.

Alijaribu kuitoa kwa vidole, wapi! Akajikausha. Angesema, plasta ingekatwa, afungwe nyingine, na kulala huku kuanze upya.

"Mguu unaendeleaje?" mama alimuuliza jioni.

"Sina neno, mama. Niko sawa kabisa."

Siku chache baadaye alimwona Shangazi akichechemea. Mtunza wanyama, bwana mmoja mwenye buti za mpira, alipoingia na majani, Shangazi alijikaza, akasimama wima kama askari wa gwaride. Bwana yule akampapasa shingo, akaenda zake. Lango lilipofungwa tu, Shangazi akaunyanyua mguu wa nyuma na kuuning'iniza.

"Geuka, wewe bwana! Tazama nyuma!" Kiherehere aliifokea simu.

Mama alichungulia mlangoni. "Unagombana na nani?"

"Na huyu! Haoni kwamba Shangazi anaumwa!"

"Hakusikii huyo, mwanangu. Utapasua koo bure."

Akaandika ujumbe kwenye sehemu ya maoni. Maneno yake yakazama papo hapo chini ya vicheko na salamu za watu wengine. Akaandika tena, na tena. Hakuna aliyemjibu. Kuona shida ya mwenzio usiweze kunyoosha hata mkono ni jambo zito, na Kiherehere alilihisi kifuani.

Mguu wake nao ulianza kupwita, na harufu mbaya ikawa inatoka kwenye plasta. Aliufunika shuka. Mama akiingia, alitabasamu. Akitoka, aling'ata mto.

Asubuhi moja Shangazi hakuonekana. Wenzake walikunywa maji bila kusukumwa na mtu. Kiherehere alisubiri mpaka chai ikapoa, kisha akaangua kilio. Mama akaja mbio, utepe wa kupimia shingoni.

"Shangazi hayupo! Bwana yule akija, yeye anajifanya mzima, akitoka ndiyo anauinua mguu. Mimi nilimwona, mama, nikashindwa kumsaidia!"

Akamtazama mama.

"Na mimi najifanya," alisema, akafunua shuka.

Mama alimgusa paji la uso, akakuta linachoma. Nguo ya mteja iliachwa chini ya sindano ya cherehani, wakaenda hospitali.

Daktari aliikata plasta kwa msumeno mdogo wa umeme. Njiti ilikuwa imezama kwenye nyama iliyovimba na kutunga usaha. Aliitoa, akasafisha kidonda, akampa dawa, kisha akafunga plasta nyingine yenye nafasi ya kuoshea kidonda.

"Ungechelewa zaidi, sijui kama mguu huu ungepona," alisema.

Mama alijifuta machozi. "Nilikuwa chumba cha pili tu, mwanangu. Kila siku nakuuliza."

"Niliogopa tutaanza upya."

"Na tumeanza upya," daktari alisema. "Shukuru mguu upo."

"Na Shangazi je?"

Daktari alimgeukia mama, akidhani kuna mgonjwa mwingine nyumbani. Mama akamweleza habari za punda milia. Daktari hakucheka.

"Yuko wapi sijui, binti. Mnyama huficha maumivu kwa sababu porini anayechechemea ndiye anayeliwa. Wewe nyumbani kwenu ulimwogopa nani, asije akakula?"

Kiherehere alimtazama mama yake. "Hakuna."

"Basi kumbuka: mficha maradhi, kifo humuumbua. Punda milia hana mdomo wa kumwita mtu. Wewe unao. Ukikosea, sema. Ukiumwa, sema."

Kiherehere akapiga moyo konde.

"Naumwa, daktari. Hapa, plasta inanibana kisigino."

Daktari akavaa tena glavu zake, akainama kuitazama.