Kiatu cha Nyuma ya Meko

Siku Abiel Tarbox alipobandua ubao wa juu ya meko, sebule ilinuka ngozi mbichi. Nyumba yake ina zaidi ya miaka mia, pale mjini Newburyport, ng'ambo. Ngozi mbichi itoke wapi?

Abiel alikuwa fundi seremala hasa. Ubao ule, uliochongwa masuke ya ngano, aliupapasa kwa vidole kabla ya kuutazama kwa macho. Nyuma yake, matofalini, akakuta kiatu kimoja cha mtoto, kimechakaa. Mafundi wote wa mji ule wanajua: wajenzi wa zamani walificha kiatu kando ya bomba la moshi, ili kinachoshuka humo kidhani kimempata mtu, kinase humo kiatuni. Kwao hakiitwi jini, lakini ni yule yule. Abiel alijua. Akakipangusa, akakiweka rafuni wageni wakione. Kiburi cha ufundi hicho!

Kesho yake binti yake Thirza, wa miaka tisa, akasema, "Baba, mguu wa kushoto siusikii."

"Umeulalia."

"Sijaulalia."

Siku ya tatu ganzi ilifika gotini. Daktari aliuchoma mguu ule sindano, mtoto anatazama dirishani tu. Abiel hakulia, machozi yake yalikwisha alipomzika mama yake Thirza. Mchana kweupe akasikia, kwenye ngazi ya kuzunguka, hatua ya mguu mmoja, pu!, kisha kimya, kisha pu!, ikipanda kuelekea chumbani kwa mtoto, harufu ya ngozi ikiitangulia, naye amesimama chini, randa mkononi, asipate hata woga wa kumfanya akimbilie juu.

Mzee Plummer, mpiga lipu, alipokiona kiatu alishusha sauti. "Abiel, una wazimu? Umefungua mtego!"

"Nikirudishe?"

"Hicho kimekwisha nguvu. Weka chako, ulichokivaa. Lakini kitachukua ganzi ya mtoto kikupe wewe."

"Kinipe."

Akavua kiatu chake, akakisukuma katika tundu la matofali nyuma ya ubao. Humo ndani kitu kikamshika mkono, polepole, kama mtu anayesalimia. Akautoa, wakaziba tundu kwa ubao ule.

Asubuhi Thirza alishuka ngazi mbio, kwa miguu yote miwili. "Baba, nimepona!" Kisha akapiga yowe. "Baba, mkono wako!"

Abiel alikuwa ameshika patasi kwenye makali, damu inachuruzika juu ya masuke. Hakusikia maumivu yoyote. Thirza akamkumbatia akilia. Abiel akamtazama mwanawe aliyepona, akangoja furaha ije.

Haikuja.