Simu Kutoka Chini ya Matao ya Florence

—Serge, uko wapi?

Serge alikuwa amekaa kitandani, chumbani kwake Kilburn, Landani, koti mwilini, viatu miguuni, na hana pa kwenda.

—Niko kazini, Keren. Si nilikutumia meseji?

Upande wa pili zilisikika sauti za watalii na kengele ya kanisa.

—Simu yako ilikuwa imezimwa, nikapiga kazini kwako. Gladness kapokea. Kasema leo uko off.

Serge akainamia viatu vyake.

Asubuhi ile walitakiwa kupanda ndege pamoja. Keren, mwalimu wa sanaa pale Ilford, alikuwa ameipanga safari hiyo kwa furaha. Alipokuwa chuoni aliwahi kukaa Florence, Italia, kiangazi kizima, akichora sanamu za Loggia dei Lanzi, ukumbi wa kale wenye matao makubwa, ulio wazi mbele ya uwanja wa mji. Tangu waanze kupendana alikuwa akimsimulia Serge habari za mahali hapo. Serge alikubali kwenda, halafu alfajiri akatuma ujumbe: "Mpenzi, nimepewa shifti ya ghafla. Nenda tu, usipoteze safari." Keren alipanda ndege peke yake, akilia.

—Kama kuna mwanamke mwingine, niambie. Nitalia, lakini nitajua.

—Hakuna mwanamke.

—Basi kuna nini?

Serge akavuta pumzi.

—Siwezi kutoka Uingereza. Niliomba kuongezewa kibali cha kuishi, nikitumaini jibu litawahi safari, lakini bado. Nikisafiri kabla ya jibu, ombi langu linakufa.

—Na kwa nini hukuniambia?

Akamkumbusha ile Jumapili waliyokula kwa Tantine Léocadie, mama mdogo wa Keren aliyemlea. Akiwapakulia ugali wa fufu na sombe, mboga ya majani ya muhogo, Tantine alisema vijana wanaotoka kwetu Kongo siku hizi wanapenda pasipoti ya mwanamke kwanza, mwanamke mwenyewe baadaye. Hakutaja jina, lakini kijana mezani alikuwa Serge peke yake. Tangu siku ile aliapa kutomtajia Keren habari za karatasi. Hata neno ndoa alilimeza.

—Niliogopa utadhani nakutafutia kibali.

Simu ikakatika. Serge akapiga, haikupokelewa. Akapiga tena, vilevile. Akavua koti, akaweka maji ya chai jikoni, akayasahau. Aliamini ameshampoteza.

Kumbe Keren alikuwa amekaa kwenye ngazi za ule ukumbi, analia kwa hasira na kwa huruma kwa pamoja. Alipomaliza akanawa uso, akapiga simu ya video. Macho yalikuwa mekundu, lakini alikuwa anatabasamu.

—Umeshindwa kuja, basi ngoja nikuzungushe.

Akageuza kamera. Akamwonyesha kijana wa shaba, Perseus, aliyeinua juu kichwa cha Medusa chenye nywele za nyoka. Serge akauliza kama watoto wa huko hawaogopi kupita hapo. Kisha akamwonyesha watu watatu waliochongwa katika jiwe moja jeupe: mwanaume amembeba mwanamke juujuu, na mzee amechuchumaa chini yao. Serge akaitazama sana ile sanamu, akasema huyo mwanamke haonekani kama aliulizwa.

Keren akacheka hadi watalii wakageuka.

—Kweli, hakuulizwa. Lakini wewe nakuuliza, na ndiyo sababu nilitaka tuje hapa. Serge, utanioa?

Serge akafunika mdomo kwa kiganja.

—Watasema ni karatasi.

—Waseme. Aliyeuliza ni mimi.

—Nitakuoa, Keren. Ila ngoja nipate jibu langu kwanza. Nataka nisimame kanisani na kibali changu mwenyewe.

Keren akakubali, kwa sharti kwamba hatamficha kitu tena.

Aliporudi Landani alimweleza Tantine kila kitu. Tantine akainuka, akaenda kupika. Kesho yake alifunga sufuria la sombe kwa kitambaa, akapanda treni, akabadilisha, akafika Kilburn na kubisha mlango wa Serge.

—Mwanangu, nilisema neno baya mezani kwangu. Unisamehe.

Serge akampokea sufuria, akamkaribisha ndani. Walikula pamoja, wakacheka sana.

Jibu lilitoka majira ya kuchipua, na lilikuwa zuri. Walifunga ndoa kanisani Ilford, Gladness wa kazini kwa Serge akapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka, na Tantine akacheza kuliko bibi harusi.

Fungate walikwenda Florence. Mvua iliwakuta uwanjani, wakakimbilia chini ya matao na kubanana na wageni wengine, wamelowa, wanacheka. Simu ya Serge ikalia. Alikuwa Tantine.

—Mkwe wangu, umekula?

Keren akasubiri aulizwe na yeye. Hakuulizwa.