Jina Lililochanwa

Saa mbili asubuhi mchapaji alifungua ghala lake akakuta maboksi yote ya riwaya mpya yamefumuliwa. Hakuna kitabu kilichoibwa. Kila nakala ilikuwa imechanwa jalada na ukurasa wa jina, lakini hadithi yenyewe haikuguswa. Kufuli lilikuwa zima.

Inspekta, ambaye wenzake kazini walimwita Kupe kwa kuwa akishika haachii, aliokota kitabu kimoja akakipindua. Mwenye kuchukia kitabu hukichoma. Huyu alichukia jina tu, na jambo hilo lilimkera kama mchanga jichoni.

Riwaya iliitwa *Birika Lililotazama Ukuta*. Ilihusu nchi ambayo watu hutuzwa kwa kuwachongea jirani zao, na ndani yake, toka mwanzo hadi mwisho, hapakuwa na birika. Mwandishi alikuwa ameahidi kueleza maana ya jina hilo kwenye uzinduzi, leo hii saa kumi jioni. Funguo za ghala zilikuwa kwa mchapaji, kwa mhariri, na kwa mwandishi, ambaye aliutundika wake sebuleni.

Inspekta alianza na mhariri.

"Nasikia jina hili ulilipiga vita."

"Mpaka nikachoka, afande. Watu watadhani ni kitabu cha mapishi! Lakini nichane kazi niliyoihangaikia mwenyewe? Nina wazimu?"

"Maana yake unaijua?"

"Hata kidogo. Alinibania."

Mchapaji naye aliapa mpaka mate yakamkauka. Inspekta hakumwamini yeyote kati yao. Alishawaona wengi wakilia kwa uchungu huku wembe uko mfukoni.

Nyumbani kwa mwandishi alipokewa na mjomba mtu, mzee mpole aliyemlea binti huyo tangu mama yake afariki.

"Mtoto ameumia, afande. Mkamateni huyo mhariri."

"Na hilo jina, mzee, wewe unalielewaje?"

"Aa, mambo ya jikoni kwa dada yangu tu. Birika lake lilikaa hivyo siku zote, mdomo umeelekea ukutani. Mtoto kakumbuka kwao, basi."

Mwandishi alikuwa chumbani, macho yamemvimba. Inspekta akafunga mlango.

"Niambie mimi kabla ya wageni wako. Hilo birika ni la nini?"

"Ilikuwa ishara ya mama. Kwa kawaida lilitazama mlangoni. Akija mtu asiyeaminika, mama aliligeuzia ukutani, ili baba akirudi kazini achunge ulimi wake." Akafuta pua. "Siku moja baba hakuchunga. Watu wa usalama walikuja wakamchukua, na hakurudi. Mama alikufa bila kuniambia ni nani aliyemchongea. Mimi nilikuwa nafukuzwa nje nikacheze. Nikasema nikilieleza hadharani, labda jirani wa zamani atakumbuka liligeuzwa kwa ajili ya nani."

Inspekta alikaa kitandani. Alichokuwa amekielewa hakukipenda hata kidogo.

"Mjomba wako anasema lilitazama ukuta siku zote."

"Amekosea, siku zote lili..."

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, ila hawakusema nguo hiyo inavyouma kuivua. Mwandishi aliinuka mwenyewe, akatangulia sebuleni.

"Mzee," Inspekta alisema, akamweleza ishara yote. "Mtu mmoja tu angeweza kulikuta limegeuzwa kila alipoingia. Ni yule lililokuwa likigeuzwa kwa ajili yake."

"Ina maana dada alijua?" mjomba aliuliza kwa sauti ndogo. "Nilidhani ndivyo alivyopanga vyombo vyake. Alijua, na bado akanimiminia chai?"

"Kwa nini ulichana?" Inspekta hakumwachia.

"Nilisoma hadithi ya wachongezi, juu yake jina la birika la jiko lile nililokaa nikisikiliza. Nikajua wa mtaa wetu wa zamani wataliunganisha na mimi." Akamgeukia binti. "Walinitisha, mwanangu. Walisema ni mimi au shemeji."

Mwandishi alikuwa amesimama wima. Hasira na huruma vilimjia kwa pamoja.

"Mjomba, nijibu moja tu. Ulinilea kwa mapenzi au kwa hofu?"

Mzee alinyoosha mikono yake kwa Inspekta, pingu zikafungwa, ndipo akajibu.

"Mwanzo kwa hofu. Halafu nikakupenda, na hofu ikazidi."