Kamba ya Sufu Nyeusi

Kazi yangu ni meno ya watu. Si kuyang'oa, hiyo ni ya daktari. Mimi ni fundi wa meno ya bandia hapa mjini Nikšić, mwaka wa ishirini na sita huu. Nimeshika meno ya kila namna. Nimewahi kuletewa seti nzima ndani ya mfuko wa mkate, kabichi ya jana bado imekwama humo. Kwa hiyo mtu asije akaniambia Jelisava ana roho nyepesi. Kinyaa nilikiacha chuoni, na hakikurudi mpaka Jumanne moja ya Oktoba, mdogo wangu Jagoš alipoingia karakanani kwangu na bastola mkononi.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida kabisa. Kahawa ilikuwa inachemka kwenye jiko la kuni pale pembeni, na juu ya meza nilikuwa nimetoka kumwaga plasta kwenye kalibu ya meno yake yeye mwenyewe. Alikuwa amevunja gego kwa mfupa wa nyama ya moshi, nami nilikuwa namtengenezea kifuniko. Tulikuwa tumebaki wawili tu. Baba na mama wako makaburini, mimi sikuzaa, na yeye hakuoa. Nani angekubali kuolewa naye? Nyumba yake ilikuwa na kitanda kimoja na bastola kumi na tisa ukutani, zote zile nzito za zamani tunazoziita gaser, ambazo enzi za babu zetu mwanaume asiyekuwa na moja kiunoni alionekana yuko uchi. Jagoš hakutaka zile za kawaida. Alitaka zenye nakshi kwenye chuma, na mpini wa mfupa au pembe uliochongwa kwa mkono.

"Hebu ona hii, Sava," alisema. Tangu hajajua kutamka vizuri aliniita Sava, na hakuna mwingine anayeniita hivyo. "Pembe tupu. Majani ya mzabibu pande zote mbili. Halafu fuata kidole changu, maua ya dhahabu, yanazunguka silinda mpaka kwenye mtutu. Ina ufa mmoja tu hapa mpinini. Utanizibia?"

Ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Lakini kwenye pete iliyo chini ya mpini ilifungwa kamba ya sufu nyeusi, nene, iliyolowa mafuta ya ngozi ya watu mpaka inang'aa. Ilinuka shingo. Sijui niseme vipi tena. Ilinuka shingo ya mtu asiyeoga, na tumbaku, na kondoo.

"Umeipata wapi?"

"Suvi Do, kijijini kule milimani. Kwa kikongwe mmoja, Stanuša. Kanipa bure."

"Cha bure hakipo, Jagoš."

Akacheka. "Si aliniuliza, wewe wa nani? Nikamwambia wa Grubanić. Kitukuu. Nimekuja kuchukua mali ya babu. Basi kikongwe alilia, akanibusu, akanipa na jibini."

Niliweka kikombe chini. Kule milimani mtu haulizwi jina lake, anaulizwa yeye ni wa nani, na jibu lile ndilo linalomkaribisha mezani au kumfungulia mbwa. Habari ya Grubanić tuliijua sote. Babu wa mume wa Stanuša alipigwa risasi na Grubanić mmoja kwa sababu ya kisima. Damu ikadaiwa miaka kumi na moja. Mwishowe wakapatana kwa desturi: muuaji akatambaa kwa mikono na magoti hadi mlangoni kwa wafiwa, bastola ile ile ikining'inia shingoni mwake kwa kamba, na wafiwa wakamwinua wakambusu. Bastola ikabaki kwao, kwenye msumari. Ukoo wa Grubanić wenyewe ulishakwisha, wa mwisho alifia Amerika. Ndiyo maana mdogo wangu aliwachagua wao. Hapakuwa na wa kumbishia.

"Umekana jina la baba yetu kwa ajili ya chuma," nikasema.

"Jina halijapotea. Nimeazima la watu, nimerudisha."

"Bibi hakukwambia kitu kingine?"

"Aliniambia nisiitoe kamba. Uchafu huu, wa nini?" Akachukua mkasi wangu mezani, akaikata, akaitupa jikoni kwenye moto.

Karakana nzima ilinuka nywele zilizoungua. Nilifungua madirisha yote mawili. Plasta ya meno yake ilikuwa bado mbichi pale mezani.

Jumapili yake alirudi. Alikaa kwenye kiti bila kuvua koti, kola ameipandisha.

"Kuna kitu kimekwama kwenye jino," alisema. "Hebu niangalie."

Nikamwambia aende kwa daktari. Akasema ameshaenda, daktari hakuona kitu. Nikawasha taa. Nyuma kabisa, kati ya magego mawili ya chini, ufizi ulikuwa umevimba, na katikati ya uvimbe palikuwa na kincha, ncha ndogo nyeusi. Nikadhani ni uzi wa fulana. Nikaushika kwa kibanio, nikauvuta.

Ukaja. Ukaendelea kuja. Ulikuwa umelowa mate na usaha, mnene kuliko tundu lililoutoa, na haukukatika. Nikauzungushia kidole. Nikauzungushia kiganja. Harufu ikanipanda puani: tumbaku, kondoo, shingo. Jagoš alikuwa anataka kutapika, hakitoki kitu, machozi yanamtoka. Nilipofika kama dhiraa mbili nikasimama nipumue.

Upande wa pili ukavuta.

Niliachia. Uzi ukarudi ndani kwa kasi, ukakaa pale pale, kincha kile kile. Sehemu iliyokuwa imezunguka kiganja changu ilibaki na mimi, imekatika yenyewe. Nikakimbilia kwenye sinki nikatapika kahawa yote.

Jagoš alishusha kola. Shingo nzima ilikuwa na alama, nyekundu, imezunguka.

"Kila nikiamka bastola iko kifuani kwangu," alinong'ona. "Naifungia kabatini, Sava. Naamka iko kifuani."

Hasira niliyokuwa nayo, Mungu anajua. Nilitaka kumzaba kofi. Badala yake kila siku kwa siku tatu nikamvuta uzi ule, maana nisipouvuta hakuweza hata kumeza maji. Sikuutupa. Niliuosha, ukakataa kutakata. Siku ya nne alikuwa hasemi tena, anakoroma tu, midomo imekuwa ya bluu. Nikasuka nyuzi zile kwa mikono yangu mwenyewe, zikiteleza vidoleni, nikapata kamba. Nikaifunga kwenye pete ya bastola. Nikampakia garini, nikashika njia ya Suvi Do.

Stanuša alikuwa kizingitini, mchana mweupe, anamenya viazi. Kikongwe mdogo, kitambaa cheusi kichwani. Aliangalia gari, akaangalia bastola, akaangalia kamba. Kisu kikasimama.

"Ameikata," alisema.

"Ameikata, bibi. Ameichoma."

"Chuma ni chuma tu, binti yangu. Amani ilikuwa ile kamba." Akajifuta mikono kwenye aproni. "Basi atambae."

Nikamvalisha kamba ile shingoni. Nikampigisha magoti langoni. Kutoka langoni hadi mlangoni ni mawe matupu na miiba, na alitambaa huku bastola inagonga mawe, na mate meusi yanamdondoka. Mdogo wangu. Nilimfundisha kutembea mimi. Alipofika miguuni kwa bibi hakuweza kuinua kichwa.

"Wewe wa nani?" Stanuša akamuuliza, kama desturi inavyotaka.

Alikoroma tu. Mimi nikaona huu ndio wakati wa kusema kweli, tumalize uchafu huu.

"Alikudanganya, bibi. Si wa Grubanić. Ni wa Bajagić, mdogo wangu wa tumbo moja. Msamehe."

Bibi hakukasirika. Alionekana amechoka.

"Nimsamehe nini? Bajagić hawakutuua sisi. Siwezi kumwinua mtu asiye na damu yetu mikononi." Akarudi kukaa. Akachukua kiazi.

Kamba ikakaza.

Niliiona kwa macho yangu. Hakuna aliyeigusa. Ilizama kwenye nyama. Jagoš alilala kifudifudi, miguu inapiga mawe. Nikaingiza vidole, havikupita. Nikaiuma kwa meno. Ladha ile ninayo hadi leo mdomoni.

"Bibi, anakufa."

"Naona."

"Mwinue."

"Nimwinue nani?" akauliza taratibu. "Wewe niambie. Huyu ni wa nani?"

Hapo nikaelewa anachoniuliza. Miguu ya Jagoš ilikuwa imeanza kutulia.

"Wa Grubanić," nikasema.

"Sema vizuri."

"Huyu ni wa Grubanić."

"Na wewe ni nani wake?"

"Mimi si mtu wake. Nimemsindikiza tu."

Stanuša aliweka bakuli la viazi chini. Akainama, mifupa inalia, akamshika mabega. "Inuka, mwana wa Grubanić. Damu imelala." Akambusu paji la uso. Akaitoa bastola shingoni bila tabu yoyote, kamba imelegea, akaingia nayo ndani, nikasikia inatundikwa msumarini.

Jagoš akasimama. Akavuta pumzi ndefu. Rangi ilimrudi, shingo safi, mdomo safi. Nikamkimbilia kwa mikono miwili. Akarudi nyuma hatua moja, kwa adabu, jinsi mtu anavyomkwepa mgeni.

"Bibi," akamwambia Stanuša, "huyu mama aliyenileta, tumpe kahawa?"

Anaishi kule sasa. Anapasua kuni, anachunga kondoo saba wa Stanuša. Bastola kumi na tisa ziko ukutani mjini, hajazifuata. Siku ya Mtakatifu Luka, sikukuu ya ukoo wetu, nilipika peke yangu nikala peke yangu. Nilimkuta sokoni mara moja. Alinipisha, akasema, "Pita, mama."

Kilichobaki kwangu ni ile plasta. Meno yake, ya juu na ya chini, na kifuniko cha gego ambacho hakukuja kukichukua. Ilikuwa rafuni. Baada ya Krismasi nilikuwa nafuta vumbi nikaona kati ya magego mawili ya nyuma, ndani ya plasta ngumu, kincha cheusi.

Nilikikata kwa mkasi. Kesho yake kilikuwepo. Siku ya tatu, sijui shetani gani alinituma, nikakishika kwa kibanio nikakivuta, inchi mbili hivi, kimelowa, harufu ile ile.

Simu ikalia.

"Sava," akasema. Sauti yake ya zamani, imekabwa. "Sava, inauma. Acha."

Nikaachia. Upande wa pili alikohoa, kisha akasema kwa adabu, "Samahani, mama. Nimekosea namba."

Nilinawa mikono mpaka ngozi ikachubuka. Niliapa sitakigusa tena. Mtu anayemtendea ndugu yake hivyo ni mchafu kuliko kamba ile, na mimi nalijua hilo, na kioo siku hizi sikitazami.

Jumapili hii nimevuta tena, niitwe Sava. Mara mbili.