Abiria wa Kiti cha Nyuma

Taa ya matairi iliwaka tena walipotoka tu shuleni, ile ya njano yenye alama ya mshangao ndani ya kibakuli. Muuguzi akapunguza mwendo, akaegesha pembeni. Hakuwa mtu wa kupuuza taa. Wodini wanajua: mashine ikilia unamtazama mgonjwa, huzimi mashine.

Tairi la nyuma kushoto lilikuwa limebonyea, upande aliokaa binti yake. Walimwita Kipepeo kwa wepesi wake. Mama alizoea kumnyanyua kwa mkono mmoja, wa pili ukishika mkoba.

"Shuka nione, mama."

Kipepeo akashuka. Tairi likabaki vilevile. Kisha, mlango ukiwa wazi, springi za kiti kitupu zikalia, kama mtu anayejisogeza akae vizuri.

Kwa Babu Pancha, fundi wa matairi, ilikuwa mara ya tatu wiki hiyo. Mzee akapima kwa geji, akapaka maji ya sabuni kutafuta povu. Hakuna.

"Thelathini na tatu, yote manne. Matairi yako ni mazima kuliko magoti yangu."

"Mbona hili limelala, babu?"

Mzee akainama, akanusa valvu, akarudi nyuma hatua mbili. "Aliyekuuzia gari alikwambia nini?" akanong'ona.

"Hakusema kitu. Alinirushia ufunguo akiwa ng'ambo ya barabara."

"Basi una abiria, mwanangu. Amejibana humo. Nitamtoa na upepo wake wote, nijaze mwingine. Ila washuke wote. Hiyo ni sheria yangu hata kwa pancha ya msumari."

Kipepeo alikuwa amesharudi kitini, amelala fofofo. Muuguzi alikuwa hajalala tangu atoke zamu ya usiku, macho yanamwasha kama yametiwa mchanga.

"Mwache tu. Nikimwamsha sasa hatutalala nyumba nzima. Huyu ana uzito gani?"

"Sizungumzii uzito."

"Babu, nakuomba. Nimechoka."

Mzee akafungua valvu.

Upepo ulianza kutoka kwa mlio wa kawaida, kisha ukawa mzito, ukawa pumzi ya mtu aliyebeba mzigo njia ndefu na sasa anautua, yenye harufu ya nguo mbichi zilizosahaulika ndani ya beseni, na tairi lilipokwisha kulala kabisa chini ya ringi pumzi ile bado ilitoka, ikatoka, na vioo vya gari, ambavyo vyote vilikuwa vimefungwa, vikaanza kuingia ukungu kwa ndani, kimoja baada ya kingine, mpaka Kipepeo hakuonekana tena.

Kisha kimya. Ukungu ukayeyuka. Mtoto alikuwa palepale, amelala.

Babu Pancha akajaza tairi. Lilisimama vizuri. Njia nzima muuguzi alitazama dashibodi, na taa haikuwaka.

"Tumefika, mama."

Akapeleka mkono mmoja, kama kawaida. Akaweka mkoba chini. Akapiga magoti, akanyoosha mgongo, akamkumbatia kwapani kwa mikono yote miwili, kama anavyowainua wagonjwa wanene wa wodi ya wanaume.

Kipepeo hakuinuka hata upana wa kidole.

Mtoto akashusha pumzi ndefu, yenye harufu ya nguo mbichi, akajisogeza akae vizuri.