Laddu Aliyoikataa Nukaratnam

Stesheni ya treni ya Vijayawada, kusini mwa India, ilikuwa imefurika watu. Suribabu alikuwa akihangaika na sanduku lake la sari za kuuza, mara msichana mfupi, suruali ya mazoezi mwilini na asumini nyweleni, akalinyanyua na kulitia begani.

"Dada, wewe ni kuli?"

"Kuli analipwa, kaka. Mimi nawahurumia wavivu."

Jina lake Nukaratnam, mnyanyua vyuma, wakati ambao wanawake ndiyo kwanza walikuwa wameruhusiwa kushindana. Suribabu alimpenda kabla treni haijafika.

Baada ya miezi sita ya simu na utani, mama yake Suribabu alikwenda kuposa, na sinia la laddu, vidonge vitamu vya unga na samli. Kwao, msichana akishalishwa tamu ile na mama mkwe, uchumba umefungwa.

Mama akamega, akapeleka mkono. Nukaratnam akafumba midomo.

"Nisamehe, mama. Leo sili."

Wageni wakaondoka bila kumaliza kahawa.

Kesho yake angepimwa uzito kwa mashindano. Hakutakiwa kuzidi kilo arobaini na nane, naye alikuwa amezidi gramu mia mbili. Hata maji hakuwa amekunywa. Lakini mbele ya wazee aliona haya kutaja uzito wake.

Jioni Suribabu akapiga simu kwa jirani wa kina Nukaratnam, naye akaitwa.

"Umenikataa mbele ya ukoo mzima, Ratnam."

"Nimekataa laddu."

"Laddu ile ndiyo mimi!"

"Una gramu ngapi, mpenzi?"

Hakucheka. "Ungeonja hata punje."

"Punje ina uzito."

"Na mimi sina?"

Ratnam akajiuliza. Kama asingekuwa na mashindano, je, angekula? Alimtaka Suribabu. Lakini wake za watu aliowajua wote, walipoolewa, walikuwa wameacha kitu walichokipenda.

"Sijui," akasema. "Naogopa nikiimeza, nitakuwa nimemeza na vyuma vyangu."

Simu ikakatwa.

Asubuhi mzani ulisema arobaini na nane kamili. Hata hivyo chakula alichopewa alikirudisha. Akapanda jukwaani, akanyanyua mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu vyuma vikasimama juu ya kichwa chake vikitetemeka.

Mtu akapiga kelele. Alikuwa mama yake Suribabu, amesimama juu ya benchi na sari yake ya hariri, mwanawe akimshika asianguke. Usiku Suribabu alikuwa amefumbua fumbo la gramu na kumweleza.

Baadaye wote wawili walimkuta kocha wa Ratnam mlangoni, Ratnam mwenyewe pembeni yake.

"Mwalimu," mama akauliza kwa ukali, "huyu mkwe wangu anakula siku gani? Tutajie, tupange harusi!"

Suribabu alimtazama Ratnam, asijue acheke au aombe radhi. Ratnam akaanza kulia, asijue kama ni furaha au ni njaa.