Ukurasa wa Mkaaji

Lalamiko la kwanza lilikuwa la kistaarabu. Mchezaji mmoja asiyejulikana aliandika kwamba modi ni nzuri, majeshi ni mazuri, ramani ni nzuri, ila katika ensaiklopidia ya mchezo kuna ukurasa mmoja mtupu: una picha na jina, hauna maelezo. Akamalizia, "Huenda ni kompyuta yangu."

Haikuwa kompyuta yake. Kabla jua halijazama walilalamika wengine, na hao hawakuwa wastaarabu.

Mwenye modi aliitwa Kamusi. Jina hilo alibandikwa na shemeji yake, kaka wa mkewe, tena kwa dhihaka, kwa kuwa shemeji alikuwa mchoraji na aliamini kwamba maneno ni kazi ya watu walioshindwa kuchora. Kamusi naye akamwita Rangi. Wawili hao waliuchukua mchezo wa kujenga dola na kupigana vita, uliotengenezwa na watu wengine, wakauongezea falme zao wenyewe, askari wao na wanyama wao. Nyongeza ya namna hiyo ndiyo wachezaji huiita modi. Rangi, aliyeishi mji mwingine, alichora. Kamusi aliandika kurasa za ensaiklopidia, ambamo mchezaji hubofya picha ya kiumbe akasoma kinakaa wapi, kinakula nini, kina sauti gani na udhaifu wake ni upi.

Walikuwa na desturi mbili za kazi. Picha ikija bila maelezo, Kamusi hakuuliza. Alijaza maneno yoyote ya kushika nafasi, yale yaliyokuwa mbele ya macho yake, akayabadilisha baadaye. Na ukurasa haukutoka kwenda kwa watu kabla Rangi hajausoma kwa sauti, kwa maana alisema sikio hulikamata kosa ambalo jicho limekwisha kulizoea.

Kamusi aliufungua ukurasa uliolalamikiwa. Picha ilionyesha pembe ya chumba, na katika pembe hiyo kitu kimechutama, kimewapa watu mgongo, magoti yamepita mabega. Juu yake pameandikwa neno moja: Mkaaji. Hakukumbuka kuiona picha ile.

"Rangi na mambo yake," alisema, akalifungua faili la maandishi. Kweli, hapakuwa na maelezo yoyote ya Mkaaji. Basi, tatizo si tatizo. Akainua macho atafute maneno ya kushika nafasi, na mbele yake palikuwa na mlango wa chumba cha nyuma, ambamo waliweka magunia na vitu vilivyoharibika. Akaandika: *Makazi: chumba cha nyuma, nyumba yenye ngazi zilizomeguka, mkabala na karakana ya mchomeleaji.* Jikoni mkewe alikuwa akizungumza, kama kawaida yake. Alikuwa mtangazaji wa kituo kikuu cha mabasi. Kutwa aliwaita abiria kwa kipaza sauti, na akirudi nyumbani sauti ilikuwa haijapoa. Sasa alikuwa akiiulizia chumvi. Kamusi akatabasamu, akaandika: *Chakula: chumvi, na maneno ya mke wangu. Sauti: kikohozi cha mtu anayengoja kukaribishwa.*

Ilibaki sehemu ya udhaifu.

"Wewe bwana, chakula hakikungojei kama abiria," mkewe aliita. "Kinaondoka."

Kamusi akahifadhi faili, akaenda kula.

Asubuhi bakuli la chumvi lilikuwa limelambwa. Chumvi haikumwagika, wala haikupunguka tu. Bakuli lilikuwa limelambwa hadi likang'aa. Mkewe alilaumu panya. Kamusi alisema panya hali chumvi, mkewe akamjibu kwamba panya wa mtu asiyetengeneza mlango hula hata msumari.

Siku hiyo hiyo wachezaji waliandika kwamba ukurasa ungali mtupu. Kamusi akaona haya, akafanya kazi kama inavyotakiwa. Alilifungua faili: maneno yake yalikuwamo yote. Alilinganisha lebo ya picha na lebo ya maandishi: zilifanana. Alihakikisha faili limo katika orodha ya yale ambayo mchezo huyasoma unapoanza. Alifuta kumbukumbu za muda, akazima, akawasha. Alipekua taarifa ya makosa, nayo haikutaja kosa. Mchezo uliapa kwamba umeyasoma maneno, na ukurasa ulikuwa mweupe. Alipoukodolea macho, chumba cha nyuma kikakohoa.

Alisikiliza. Karakana ya mchomeleaji ilikuwa imefungwa. Harufu ilipita chini ya mlango, ya waya ulioungua na gunia lililolowa, kisha ikaondoka. Alipoufungua mlango aliona magunia tu.

Tangu hapo kurasa nyingine zilianza kupukutika: wapanda farasi wakakosa maneno, kisha wapiga mishale, kisha ngome na bandari. Akaona heri kumeza kiburi, akampigia Rangi.

"Shemeji, ile picha ya Mkaaji uliichora lini?"

"Mimi? Si uliileta wewe?"

"Usinitanie."

"Nikutanie una meno ya kuchekea? Kamusi, mimi nikichora kitu nakipa uso. Kile nilidhani umekiokota mahali, nikanyamaza nisikuaibishe."

"Hukukichora?"

"Sikukichora. Wewe ulikiandikia nini?"

"Maneno ya kushika nafasi."

"Maneno gani?"

"Mtandao unakatika," alisema Kamusi, akakata simu yeye.

Mkewe alirudi kabla ya wakati. Aliketi na mkoba ungali begani, akaitazama meza.

"Wamenirudisha," alisema. "Nimewasha kipaza sauti, nikasema abiria wa... abiria wa..." Midomo ilifanya kazi, sauti haikutoka. "Pale wanapokwenda. Nimesimama pale, nalijua, nimelisema miaka yote. Watu wakacheka. Halafu wakaacha kucheka."

"Umechoka, mke wangu."

"Niletee maji katika kile... kile cha kunywea."

Alikuwa akikitazama kikombe.

Alipoteza majina kwanza: mlango, ufunguo, mkono. Alivinyooshea vitu kidole na kulia kwa hasira, kama mtu aliyeibiwa huku mwizi anamwona. Siku chache baadaye vitenzi navyo viliondoka, na mwanamke aliyejulikana kituo kizima kwa ulimi wake akabaki na vijineno vya kuokota. Kamusi hakumweleza kitu. Kila akitaka kusema aliiona ile sentensi aliyoiandika huku akitabasamu, na ulimi ukawa mzito kuliko wa mkewe.

Jioni moja umeme ulikatika wakiwa wameketi pamoja, bega kwa bega, Kamusi ameushika mkono wa mkewe, na katika giza lile la kwanza, kabla hajapapasa kiberiti, alisikia kutoka chumba cha nyuma kikohozi cha taratibu, cha adabu, kisha sauti ya mkewe, sauti ile ile ya kituoni, safi, yenye furaha, ikisema abiria wote tafadhali sogeeni, mizigo mikubwa itangulie, wenye watoto washikeni mikono, na ikataja miji, mji baada ya mji, na ikataja kikombe na ufunguo na mlango na mkono, kila jina lililopotea, ikilitafuna kwanza kwa mkwaruzo wa meno yanayosaga chumvi, na wakati wote huo mkewe alikuwa kando yake, amefumba kinywa, na kucha zake zimezama katika kiganja cha mumewe.

Kulipokucha alikwenda kumwita Mkunga. Huyo alikuwa mama wa makamo aliyestaafu kuzalisha, na watu walijua kwamba aliweza pia kuwatoa wale ambao hawakuzaliwa na mtu. Alikuja, akavua viatu mlangoni, akauelekea mlango wa chumba cha nyuma, akasimama mbele yake bila kuugusa.

"Wewe ni nani, nani kakuita, unataka nini?"

"Nimeandikiwa," ilijibu sauti ya mtangazaji. "Nina makazi. Nina chakula. Nina sauti." Ikakohoa. "Udhaifu sina."

Mkunga aligeuka polepole. "Mwanangu, ulimwandikia nini huyu?"

Kamusi akamweleza kwa kunong'ona. Mkewe alikuwa ameegemea ukuta akisikiliza, na maneno ya wengine alikuwa bado anayaelewa. Hakumtazama mumewe tena.

"Waliotutangulia walisema ukimtaja nyoka, shika fimbo," alisema Mkunga. "Wewe umemtaja, umemtandika kitanda, umempa na mkeo amle. Fimbo ndiyo umesahau."

"Nitaiandika sasa hivi, mama. Nitamwandikia udhaifu."

"Andika tuone."

Akaandika moto. Alipofungua mchezo sehemu ilikuwa nyeupe, na nyuma ya mlango meno yalisaga. Akaandika chuma, likaliwa. Akaandika mwanga wa jua, akaandika maombi ya wenye haki, na kila neno lilitoweka, na kila lilipotoweka kicheko cha mkewe kilipita chini ya mlango pamoja na ile harufu ya gunia. Akaufuta ukurasa wote. Ukarudi, na picha ilikuwa imegeuza shingo kidogo.

"Acha," alisema Mkunga. "Unamlisha. Neno la kumuua ni neno, naye maneno ndiyo mlo wake. Mpangaji kama huyu hauawi. Huhamishwa."

"Basi nitamhamishia jangwani. Baharini. Mahali pasipo na watu."

"Jini hakai hewani. Hutoka kwa mtu akaenda kwa mtu." Alikuwa ameanza kuvaa viatu. "Nami sitakuchagulia mtu. Hilo nitakuachia wewe na Mola wako."

Akaondoka kinyumenyume hadi barabarani.

Kamusi alijaribu jangwa hata hivyo. Likaliwa. Akajaribu bahari. Mkewe alikuja akasimama nyuma ya kiti chake, akafungua kinywa, akahangaika muda mrefu kama mtu anayevuta ndoo kutoka kisima kirefu.

"Kaka," alisema.

Lilikuwa neno lake la mwisho. Alikuwa akiionyesha simu. Alitaka kaka yake aitwe.

Kamusi aliitazama simu, akautazama mlango, akayaweka vidole juu ya vibonye. Makazi: *kwa mtu wa kwanza atakayeusoma ukurasa huu kwa sauti.*

Akafungua mchezo. Ukurasa ulikuwa umejaa. Neno kwa neno, kila sehemu mahali pake, maandishi meusi ya kupendeza. Nyuma ya mlango palikuwa kimya, kimya cha mtu aliyekwisha kufunga mizigo anangoja gari.

Wapo watakaosema alisahau. Hakusahau. Wachezaji husoma ensaiklopidia kwa macho. Palikuwa na mtu mmoja tu duniani aliyezisoma kurasa zile kwa sauti kabla hazijatoka, na Kamusi alilijua jina lake na mji wake. Akamtumia faili, na chini yake ujumbe mfupi: "Ukurasa umepona. Soma."

Chai iliyokuwa mezani ilikuwa haijapoa. Chumba cha nyuma kilikohoa mara moja, mlango ukafunguka wenyewe, na harufu ile ikapita sebuleni, ikapita ngazi zilizomeguka, ikaenda.

"Kikombe," alisema mkewe. Akakishika. "Kikombe. Meza. Ufunguo. Mlango." Alizunguka nyumba nzima akigusa na kutaja, akicheka na kulia, na Kamusi akamfuata akicheka naye.

Kisha mkewe akachukua simu ili kaka yake awe wa kwanza kusikia. Akaiweka wazi wasikie wote wawili.

Ilipokewa. Mtu alikohoa, taratibu, kwa adabu.

"Dada!" ilisema sauti ya Rangi, changamfu. "Umepona, eh? Nilijua. Ulimi kama wako haufi, huenda likizo tu."

Mkewe alicheka. Kisha akaacha. Nyuma ya sauti ile kulikuwa na mtu mwingine, anayepiga meza kwa ngumi, anayeguna na kukoroma, kama anayetaka kusema na hana la kusemea.

"Kaka, nani huyo nyuma yako?"

"Hakuna mtu. Niko peke yangu. Mwambie Kamusi ukurasa ni mzuri sana. Nimeutoa, watu wausome." Meno yakasaga kitu. "Nimewaomba wausome kwa sauti."

Simu ikakatika. Mkewe aliiweka mezani kwa uangalifu, karibu na bakuli la chumvi.

"Yule si kaka yangu," alisema. "Ulimtumia nini?"

Kamusi alikuwa na maneno yake yote, hakuna lililopotea hata moja, na hakupata la kumwambia.